Shajara ya mradi: rangi ya kudumu kwenye sailensa ya RAV4

Hali ya kuanzia

Gari ni Toyota RAV4 ya 1998, injini ya 3S-FE, na linalala Kigamboni, Dar es Salaam, mahali ambapo upepo wa kusi ukivuma unaonja chumvi mdomoni. Mradi huu unahusu sailensa ya nyuma, yaani lile dumu la bati linalomeza kelele kabla moshi haujatoka. Bomba la katikati na la mbele nimeyaacha kwa sasa, yana mambo yake.

Aliyekuwa na gari hili kabla yangu aliipaka sailensa rangi nyeusi ya kopo. Rangi hiyo inabanduka kama magamba ya samaki, na chini yake kuna sura mbili. Katikati ya dumu bati bado ni la kijivu kinachong'aa, kutu hamna. Kwenye mshono wa pembeni, na pale bomba linapoingia, kutu imekolea mpaka inaachia unga wa kahawia kidoleni.

Sura hizo mbili zina sababu. Sailensa nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa bati la chuma lililochovywa kwenye alumini. Alumini ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba unaoizuia isiliwe zaidi, ndiyo maana tumbo la dumu limepona hata baada ya rangi kutoka. Mshononi bati limekunjwa na kuchomelewa, na moto wa kuchomelea umekula ile alumini. Hapo chuma kiko uchi. Tena rangi ya maji maji ina tabia ya kukimbia ncha kali, inajivuta na kuacha ukingo na utando mwembamba kuliko sehemu nyingine zote. Kwa hiyo palipohitaji ulinzi zaidi ndipo palipopata kidogo.

Mafundi wengi wakiona sailensa imeanza kutu wana jibu moja: toa, weka nyingine. Siwalaumu, lakini zile zinazokunjwa mitaani kwa bati la kawaida hazina alumini hata chembe. Sailensa ya kiwandani ambayo tumbo lake ni zima inastahili kuhangaikiwa. Nataka rangi ivuke masika nzima bila kubanduka, na mshono usitoe kutu mpya.

Ukaguzi kabla ya kununua chochote

Kupaka rangi sailensa iliyooza kwa ndani ni kupoteza hela. Sailensa za magari ya safari fupi huoza kutoka ndani kuja nje, na rangi ya nje haiwezi kuzuia hilo.

Sababu ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua injini huzaa karibu lita moja ya maji, yanayotoka kama mvuke. Gari likienda mbali, ekzosi yote, yaani njia nzima ya moshi, hupata moto na mvuke unatoka nao. Gari likienda sokoni na kurudi, dumu la nyuma halijapata moto, mvuke unagusa bati la baridi na kugeuka maji yenye asidi kidogo, yanatuama chini ya dumu. Wanaokaa Kigamboni na kupanda feri wanaujua mtindo huu: unawasha, unasogea, unazima, unasubiri, unawasha tena.

Nililigonga dumu pande zote kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia kwa sauti ya wazi. Lililooza linatoa sauti butu, na wakati mwingine bisibisi inazama. Hapa palikuwa pazima kote, mshono nao ukalia vizuri kuliko nilivyotegemea. Halafu, injini ikiwa imewashwa na bado ya baridi, nikaziba mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara nene lililolowa, kwa muda mfupi tu, mtu mwingine akipaka povu la sabuni kwenye mshono kwa brashi. Palipo na tundu povu hutoa mapovu mfululizo. Hakukuwa na tundu isipokuwa moja, chini kabisa ya dumu, dogo kama ncha ya kalamu.

Tundu hilo si ubovu. Kiwanda kimeliweka makusudi ili maji yaliyotuama yadondoke. Nimewahi kuona mafundi wanaliziba kwa kuchomelea wakidhani wanatibu kuvuja, na baada ya hapo sailensa inageuka kisima. Nimelizibua kwa waya, likatoa maji meusi. Naliandika hapa peke yake ili mtu asipitwe: tundu la maji lisizibwe, wala kwa moto wala kwa rangi.

Kuvua

Hii nilimwachia fundi wa gereji ya jirani, maana bolti za ekzosi za miaka zaidi ya 20 zinahitaji mkono uliozoea. Alizilowesha kwa mafuta ya kupenyeza jioni, akaziacha zilale, asubuhi akazigonga kidogo kidogo kwa nyundo kabla ya kutia spana. Moja ilikatika kama ilivyotarajiwa, akaitoboa na kuitoa. Raba zinazoning'iniza sailensa zilikuwa zimepasuka, tukaweka oda ya mpya. Raba ikichoka dumu linacheza, likicheza linagonga bodi, na likigonga hata rangi bora namna gani haikai.

Neno moja la usalama: gari likiwa juu, liwe juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayelala chini yake.

Kuosha, kisha kuosha tena

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wengi wanapokimbia.

Hatua ya kwanza ilikuwa maji baridi ya bomba na sabuni ya unga, brashi ngumu, kila kona ya mshono. Si kwa ajili ya vumbi. Ni kwa ajili ya chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, na hapa kwetu usiku unyevu hupita hapo mara nyingi. Chembe ya chumvi ikibaki chini ya rangi haitulii. Inavuta maji kupitia kwenye utando wa rangi, inatengeneza kijipu, kijipu kinapasuka, na unasema rangi ilikuwa mbovu. Rangi haikuwa na kosa.

Magari mengine huja na chumvi yao kutoka kwao. Yaliyotembea mikoa ya theluji ya Japani kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, hufika bandarini yakiwa yameshaliwa chini. Bodi inang'aa, ukiinama unashangaa. Anayenunua gari lililotumika aanzie chini, juu baadaye.

Baada ya maji likakaa juani mpaka likakauka kabisa, ndipo nikaingia kwenye mafuta. Mpangilio huu una maana: mafuta yanatolewa kabla ya msasa. Ukisugua bati lenye mafuta, msasa unayasukuma ndani ya mikwaruzo, na hayatoki tena kirahisi. Nilitumia asetoni na matambara meupe ya pamba. Tambara la kwanza linalowesha na kulegeza, la pili kavu linafuta kabla asetoni haijaruka. Ukitumia tambara moja unatembeza uchafu tu. Tina ya bei rahisi inayouzwa kwenye chupa za maji niliikwepa kwa kazi hii. Mara nyingi imeshatumika, ikachujwa, ikauzwa tena, na ikikauka inaacha utando wa mafuta. Jaribio lake ni rahisi: dondosha tone kwenye kioo safi, liache likauke. Likiacha duara, iache dukani.

Onyo kwa wanaosafishia dawa ya kunyunyizia breki: baadhi ya dawa hizo zina klorini, na klorini hiyo ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu kali. Soma kopo. Kama unategemea kuchomelea, isisogezwe kabisa.

Msasa

Fundi aliponiona nimeshika msasa alikuja kuangalia.

"Dada, hiyo ukiisugua sana utatoboa. Piga rangi, maisha yaendelee."

"Fundi, tumboni sisugui sana, nakwaruza tu. Mshono ndio nautaka uchi."

Akakubali, na akanisogezea grinda yenye brashi ya waya. Brashi ya waya inafaa kuondoa magamba ya rangi na kutu iliyolegea, lakini isiishie hapo. Waya ukizunguka kwa kasi unaisugua kutu mpaka inang'aa, inaonekana kama chuma kumbe ni kutu iliyopigwa pasi, na rangi ikishika hapo imeshika hewa. Kwa hiyo baada ya waya, mshono wote niliupitia kwa msasa namba 80 kwa mkono, kuingia kwenye mikunjo, mpaka rangi ya kahawia ikaisha na ukabaki chuma cha kijivu chenye mikwaruzo midogo. Rangi inahitaji mikwaruzo hiyo ya kushikia. Mwenye kompresa na mashine ya kupuliza mchanga atapata matokeo bora zaidi na kwa muda mfupi, hasa ndani ya mashimo madogo ya kutu ambamo msasa haufiki.

Tumboni nilitumia namba 180, kukwaruza tu, mpaka mng'ao ukaisha. Sikutaka kuvuka ile alumini. Ni nyembamba, na ukiivuka umejitengenezea kazi ambayo hukuwa nayo.

Vitu vitatu sikuvigusa. Puti ya kuzibia mashimo, kwa sababu ile ya kawaida ya bodi inaungua na kudondoka. Praima ya kawaida, ile rangi ya msingi, kwa sababu hiyo hiyo: rangi ya juu inaweza kuvumilia nyuzi 600, lakini ikikaa juu ya praima inayokufa kwenye 150, inaanguka pamoja na praima yake. Na dawa ya kugeuza kutu, ile inayofanya kutu kuwa nyeusi. Ni nzuri kwenye geti na kwenye chasi, lakini utando wake haukutengenezewa joto la ekzosi. Kwenye sailensa kutu huondolewa, haigeuzwi.

Kuchagua rangi

Kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, Kariakoo, makopo ni mengi. Karibu kila kopo limeandikwa namba kubwa: 600, 650, 800. Namba hizo zinawavutia watu kuliko kinachozifanya ziwezekane.

Rangi ya kawaida ya kopo imeshikamanishwa na utomvu wenye uti wa kaboni, na uti huo huanza kulegea na kubadilika joto likipanda juu ya nyuzi 100 na kidogo. Rangi ya joto kali hutumia utomvu wa silikoni. Uti wake ni silikoni na oksijeni, undugu wa karibu na kioo na mchanga, na ndiyo maana haukimbii moto. Kwa hiyo nilichotafuta kwenye maandishi ya kopo ni neno silikoni, na maelekezo ya kuivisha rangi kwa joto. Kopo lisilo na maelekezo ya kuivisha nililirudisha kwenye rafu hata kama namba yake ilikuwa kubwa.

Kuhusu rangi yenyewe, hapa uchaguzi ni mweusi au fedha. Rangi nyekundu au ya buluu iliyokolea mara nyingi hutegemea vikolezo vinavyoungua. Nyeusi ya joto kali hutengenezwa kwa oksidi za metali ambazo tayari zimeshaungua, hazina cha kupoteza. Ya fedha imejaa vipande vidogo vya alumini vinavyolala kimoja juu ya kingine na kuyapa maji njia ndefu ya kupita. Kwa ulinzi ningechagua fedha. Nikachagua nyeusi kwa sababu moja tu: inasomeka vizuri kwenye kipimajoto, na joto ndilo nililotaka kulifuatilia safari hii. Sababu hiyo nitaieleza mbele.

Kinachouzwa kwa jina la rangi ya injini si lazima kiwe cha ekzosi. Blok ya injini haipiti sana joto la maji ya rejeta. Usichanganye.

Kupuliza

Tulianza saa nne asubuhi, umande ulipokuwa umeshaisha. Asubuhi mapema chuma kina baridi kuliko hewa na kinajifunika unyevu usioonekana. Ukipuliza hapo unapuliza juu ya maji. Saa nane mchana nako ni tabu, bati limepata moto mno, rangi inakauka hewani kabla ya kutua na inakaa kama vumbi. Nililiacha dumu juani mpaka likawa na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichoanza kupoa, kisha nikalihamishia kivulini penye hewa.

Kabla ya kupuliza nililifuta tena kwa asetoni, glavu mpya mkononi. Kati ya kumaliza msasa na kuanza rangi nisingeruhusu hata usiku mmoja upite. Chuma kilichosuguliwa hapa pwani kinaota kutu changa kwa saa chache tu. Ukikipitishia tambara jeupe asubuhi utaiona.

Tundu la maji nililichomekea kijiti cha kiberiti. Midomo ya bomba na uso wa flenji, ile sahani ya kuungia bomba panapokaa gasketi, nikafunika kwa tepu ya karatasi.

Mshono ulitangulia. Nilipuliza rangi kidogo kwenye kifuniko cha kopo, nikaichovya kwa brashi ndogo na kuisukuma ndani ya mshono na kuzunguka kingo zote, kwa sababu spreyi haiingii kwenye mkunjo, inapita juu. Wapaka rangi wa meli na matangi hufanya hivyo kwenye kila mshono wa kuchomelea kabla ya kupuliza, na naona hatua hii imeisaidia kazi kuliko nyingine yoyote ya siku hiyo.

Kisha matabaka membamba. La kwanza ni ukungu tu, bati linaonekana kupitia. La pili linaziba. La tatu linasawazisha. Kati ya tabaka na tabaka nilisubiri mpaka ung'avu wa maji maji uishe. Rangi hizi huwekwa nyembamba, tabaka moja likikauka linabaki na mikroni 20 hivi, yaani sehemu 20 za elfu moja za milimita. Mtu akiona haitoshi anaongeza, anaongeza, akifikiri unene ni nguvu. Kwa silikoni ni kinyume. Tabaka nene linakauka juu na kufungia kiyeyushi ndani, joto likija kiyeyushi kinatafuta njia ya kutoka na kuinua malengelenge. Tena utando mnene na bati havitanuki sawa, hivyo unapasuka.

Barakoa ya kitambaa haitoshi kwa mvuke wa rangi. Nilitumia yenye chujio la mkaa, na watoto wa jirani tuliwaomba wakacheze upande wa pili.

Joto: hapa ndipo mradi ulipobadilika

Makopo mengi yanaelekeza hivi: funga sailensa, washa injini dakika 10, zima, acha ipoe, washa dakika 20, zima, acha ipoe, kisha washa dakika 30. Lengo ni kupandisha joto kwa ngazi. Maelekezo hayo yanafaa kabisa kwa bomba la mbele linalopokea moto kutoka injini. Kwa dumu la nyuma nilitaka kuona kwanza.

Utomvu wa silikoni hukauka kwa hewa mpaka ukaguswa, lakini haujaiva. Kuiva kunahitaji karibu nyuzi 200 kwa nusu saa hadi saa moja. Kabla ya hapo rangi ni laini, kucha inaiacha alama, na petroli kidogo inaifuta. Swali likawa: je, dumu la nyuma huwa linafika nyuzi 200?

Kabla ya kulivua nilikuwa nimeshalipima kwa kile kipimajoto cha kuelekeza kama bunduki. Kuna mtego hapa. Chombo hicho kinasoma miali ya joto inayotoka kwenye kitu, na bati linalong'aa hutoa miali michache sana. Ukielekeza kwenye alumini uchi kinaweza kukwambia nyuzi 50 wakati mkono wako ungeungua. Ilibidi nipime pale palipobaki doa la rangi nyeusi ya zamani, maana nyeusi isiyong'aa inasomeka karibu na ukweli.

Gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, doa lile halikuvuka nyuzi 90 hata baada ya kusubiri sana. Mizunguko ya mjini ililipandisha kidogo juu ya 100. Safari ya Chalinze kwa mwendo wa barabara kuu ikalifikisha juu ya 150 kidogo. Mia mbili hatukuiona.

Kwa maneno mengine, mtu anayepaka sailensa ya nyuma kwa rangi ya nyuzi 650, akaifunga, akawasha injini uani kama kopo linavyosema, anaweza kutembea miezi na rangi ambayo haijaiva. Mchanga unaikwangua, matope yanaikwangua, na mvua za kwanza zinaimaliza. Kisha anarudi dukani kutafuta kopo la namba kubwa zaidi. Wakati huo joto halijaihukumu rangi yake hata siku moja. Imekufa kwa kukosa joto.

Nikaanza kutafuta tanuri. La jikoni halifai, mvuke wa rangi hauingii panapopikwa chakula. Wazo la pipa na mkaa nililiacha, kwa kuwa upande mmoja ungepata 300 na mwingine 80. Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayepiga rangi ya unga kwenye mageti na fremu za madirisha. Rangi ya unga huchomwa kwenye nyuzi 180 mpaka 200, kwa hiyo tanuri lake liko palepale ninapotaka, na lina feni inayozungusha hewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa si nikupigie unga kabisa, imalize?"

Nikamweleza kwamba unga wa mageti ukishachomwa hauvumilii ekzosi miaka mingi, hasa karibu na bomba linapoingia. Akaligeuza dumu mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye mshono taratibu, akauliza limekauka tangu lini na ndani lina maji kiasi gani. Maswali mawili sahihi. Rangi mbichi tanurini inajaza mvuke unaoweza kushika moto, na maji yaliyofungwa ndani yakichemka ghafla yanatafuta njia. Lilikuwa limekauka kivulini zaidi ya siku nzima, na nilikuwa nimelisimamisha wima mpaka halikutoa tone. Kile kijiti cha kiberiti tukakichomoa.

Akaanzia nyuzi 120, akaacha nusu saa. Akapandisha 160. Akamalizia 200 kwa saa nzima, kisha akazima na kuacha mlango umefungwa mpaka likapoa lenyewe. Moshi mwembamba ulitoka mwanzoni, harufu ya plastiki, ukaisha. Lilitoka likiwa jeusi lililokufa mng'ao. Nilibonyeza kucha kwenye ukingo usioonekana: hakuna alama. Nikafuta kwa tambara lenye asetoni: tambara likabaki jeupe. Kipimo hicho cha tambara kinamwambia mtu mengi kuliko macho.

Asiye na tanuri karibu ana njia ya hita ya hewa moto, zile bunduki za mafundi wa plastiki, ukipasha sehemu ndogo ndogo na kupima kwa kipimajoto. Ni kazi ya subira lakini inawezekana, anzia mshononi.

Kufunga

Gasketi mpya, raba mpya, bolti mpya zilizopakwa grisi ya shaba ili anayekuja kuzifungua baadaye asizikate. Fundi alibeba dumu kwa glavu safi. Jasho la mkono lina chumvi, na flenji tulikuwa tumeiacha bila rangi.

Pale spana ilipogusa kwenye ukingo rangi ilichubuka mahali padogo. Nilikwaruza, nikafuta, nikagusia kwa brashi, nikapasha kwa hita.

Baada ya masika

Gari limepita kwenye madimbwi ya Kibada, kwenye mchanga wa barabara za ndani, kwenye foleni za feri na kwenye Daraja la Nyerere mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika. Kila lilipotoka karibu na ufukwe lilioshwa chini kwa maji ya bomba, injini ikiwa imepoa. Bati la moto likimwagiwa maji ya baridi, rangi na bati vinajikunja kwa kasi tofauti.

Tumbo la dumu liko kama lilivyotoka tanurini, limepauka kidogo tu upande wa mbele. Mshono wa juu na wa nyuma hauna kutu. Mshono wa chini upande wa gurudumu la kulia umepigwa na kokoto, kuna vidoa vya ukubwa wa punje ya mchele ambapo chuma kinaonekana, na viwili vimeanza rangi ya chungwa. Rangi iliyo pembeni ya vidoa hivyo haijanyanyuka. Nilijaribu kuing'oa kwa ncha ya kisu ikakataa, na hilo kwangu ndilo jambo kubwa, kwa sababu ile ya zamani ukigusa ukingo ilikuwa inatoka ganda zima. Kutu imebaki pale kokoto ilipopiga, haikutambaa chini ya rangi.

Karibu na bomba linapoingia kuna pete ya kijivu. Hapo joto ni kali zaidi na ule weusi umepungua, lakini tambara halitoki na kitu.

Tundu la maji liko wazi. Linadondoka kila asubuhi ya baridi.

Vidoa vya kokoto vinapata msasa, asetoni, brashi na hita wiki hii kabla vuli haijaanza. Kwa bomba la katikati, ambalo kutu yake imeingia ndani zaidi, nimeshaongea na mtu mwenye mashine ya kupuliza mchanga, na safari hii natumia rangi ya fedha.